Maulidi, hitima na mambo mapya katika dini: njia tatu za kupima bidaa

Mfungo Sita, mwezi wa kuzaliwa Mtume, ukiandama, simu za Waislamu wa Nairobi hujaa jumbe za aina mbili. Moja inakualika maulidi Pumwani au Eastleigh. Nyingine inakuonya kwamba maulidi ni bidaa, kila bidaa ni upotevu, na kila upotevu ni motoni. Wanaotuma wote wana hadithi na majina ya maimamu. Anayetaabika ni yule wa katikati, ambaye hana ugomvi na mtu na anataka kujua tu kama aende au abaki nyumbani.

Majibu mengi yanakorogeka kwa sababu yanaanzia kwenye tukio: maulidi ndiyo au la, arobaini ya marehemu ndiyo au la. Ukianzia hapo utakuwa na jibu tofauti kwa kila sheikh unayemsikiliza. Ni afadhali uchague kwanza kipimo, ukielewe, kisha ukitumie kipimo hichohicho kwa kila jambo. Vipimo vinavyotumika miongoni mwa Masunni ni vitatu, na kila kimoja kina wanavyuoni wakubwa nyuma yake.

Ondoa kwanza yasiyo ya mlango huu

Nusu ya mabishano ya bidaa hayahusu bidaa hata kidogo. Kipaza sauti cha msikiti, programu ya nyakati za swala na kutoa zaka kwa M-Pesa ni nyenzo. Hakuna anayedhani kwamba kubonyeza namba ya siri ni ibada, na njia zote tatu zinaruhusu.

Kunuti ya Alfajiri, ile dua ya kusimama katika rakaa ya mwisho, nayo inatupwa humu bure. Mashafi wanaisoma kila siku kwa hadithi ya Anas kwamba Mtume (s.a.w.) hakuiacha mpaka alipofariki. Wengine wanaidhoofisha hadithi hiyo kwa sababu ya mpokezi wake mmoja, na wanashika ile iliyo katika mkusanyo wa Tirmidhi ambamo Abu Malik al-Ashja'i alimuuliza baba yake, aliyeswali nyuma ya Mtume na makhalifa wanne, naye akamjibu kuwa ni jambo lililozuliwa. Hapo watu wanabishania uzito wa hadithi, na kila upande una imamu wa madhehebu. Rakaa nane au ishirini za tarawehe ni hivyohivyo. Ukiswali nyuma ya imamu anayesoma kunuti, mfuate. Hata Ibn Taymiyya, ambaye hakuiona kuwa sunna ya kudumu, alimtaka maamuma amfuate imamu wake. Na Mshafi akiswali nyuma ya asiyesoma, vitabu vya madhehebu yake vinamwelekeza alete sijda mbili za kusahau. Hakuna haja ya kubadilisha msikiti.

Upande wa pili, kumwomba aliye kaburini akuondolee shida ni suala la tauhidi. Ukiliita bidaa tu umelipunguza, na ukilichanganya na kusoma Barzanji, kitabu cha maulidi, utakuwa umewadhulumu watu.

Vigezo

Kila njia tutaiuliza maswali manne: inasimama juu ya dalili gani, inampa mtu wa kawaida hatua zipi za kupima jambo, inakwama wapi, na inamfaa nani.

Njia ya kwanza: kila bidaa ya dini ni upotevu

Dalili yake ni nzito na ya wazi. Hadithi ya Jabir katika mkusanyo wa Muslim inasema kila bidaa ni upotevu, na neno "kila" halijaacha mlango. Hadithi ya Aisha kwa Bukhari na Muslim: atakayezua katika jambo letu hili lisilokuwemo, litarudishwa. Juu yake kuna aya ya tatu ya Suratul Maida kuhusu kukamilika kwa dini, na kauli ya Imamu Malik kwamba anayezua jambo na kuliona zuri anadai Muhammad alihini ujumbe. Ibn Taymiyya (aliyefariki 1328) ndiye anayetajwa zaidi. Kwetu, mwelekeo wa kukemea uzushi ulipata sauti ya Kiswahili kupitia Sheikh Al-Amin bin Ali Mazrui, Kadhi Mkuu wa Kenya kuanzia 1937 hadi 1947, na baadaye Sheikh Abdallah Saleh Farsy, aliyeshika wadhifa huo kuanzia 1968. Wote wawili walikuwa Mashafi, jambo ambalo wanaosema "huo ni Uwahabi ulioletwa juzi" hulisahau.

Hatua zake ni fupi. Je, jambo hili ni ibada, yaani linafanywa kwa kutafuta thawabu kwa lenyewe? Je, Mtume au masahaba walilifanya? Kama hawakulifanya, je, sababu ya kulifanya ilikuwepo zama zao na hakuna kilichowazuia? Swali la tatu ndilo moyo wa njia hii. Watu walikuwa wakifa Madina, Qur'ani ilikuwepo, na hawakukusanyika kuhitimu siku ya arobaini. Basi kuacha kwao ni dalili.

Utaratibu huu unafika hadi kwenye mambo madogo. Tirmidhi amepokea kwamba mtu alipiga chafya mbele ya Ibn Umar akasema "Alhamdulillah, wassalamu ala Rasulillah." Ibn Umar akamwambia kwamba na yeye husema maneno hayo, lakini si hivyo Mtume alivyowafundisha kusema wakati wa chafya. Kumswalia Mtume ni jambo jema, ila lilikuwa limewekwa pasipo mahali pake.

Inapokwama ni pale masahaba wenyewe walipofanya mapya. Umar aliwakusanya watu nyuma ya Ubayy bin Kaab kwa tarawehe na akasema ni bidaa njema iliyoje. Jibu la Ibn Rajab ni kwamba Umar alilitumia neno kwa maana ya lugha tu, kwa kuwa Mtume aliwahi kuwaswalisha watu usiku kadhaa akaacha kwa kuchelea isifaradhishwe. Ni jibu zuri kwa tarawehe. Halijibu kila kitu, na ushahidi ni kwamba watu wa njia hiihii hutofautiana: al-Albani alisema kufunga mikono kifuani baada ya kuinuka kwenye rukuu ni bidaa ya upotevu, ilhali Ibn Baz aliiona ni sunna. Kwa hiyo anayekuahidi kuwa njia hii inamaliza khilafu anakudanganya.

Inamfaa anayetaka ibada yake iwe na dalili ya moja kwa moja, na aliyesilimu karibuni ambaye bado hawezi kutenganisha desturi za mtaa na dini. Haimfai mwenye haraka ya kuwabandika watu majina. Kulihukumu tendo kuwa bidaa ni jambo moja. Kumhukumu mtendaji, ambaye huenda hajui au amemfuata imamu wake, kuna masharti yake mwenyewe, na wanavyuoni wa njia hii ndio wa kwanza kuyasema.

Njia ya pili: bidaa zimegawanyika

Imepokewa kutoka kwa Imamu Shafi (aliyefariki 820) kwamba mambo mapya ni mawili: linalokwenda kinyume na Qur'ani, Sunna, athari (kauli za masahaba) au ijmai (makubaliano ya wanavyuoni) ni upotevu, na la kheri lisilopinga chochote katika hivyo halilaumiwi. Al-Izz bin Abdissalam (aliyefariki 1262) akaupanua mgawanyo huo kuwa hukumu tano, na Nawawi akaupokea. Mifano yake yafaa kukaririwa, kwa sababu inaonyesha upana wa neno linavyotumika hapa. Kujifunza nahau ili kuielewa Qur'ani ni bidaa ya wajibu. Itikadi ya wanaokanusha kadari ni bidaa ya haramu. Kujenga madrasa ni ya kupendekezwa. Kupamba misikiti kwa nakshi ni makuruhu, yaani haipendezi. Kupeana mikono baada ya Alfajiri na Alasiri ni mubaha, yaani inaruhusiwa tu.

Dalili nyingine ni hadithi ya Jarir kwa Muslim: mwenye kuanzisha katika Uislamu mwendo mwema ana ujira wake na wa watakaoufuata. Pia Bilal, aliyejizoesha rakaa mbili kila atawadhapo bila kuagizwa. Wapinzani hujibu kwamba hadithi ya Jarir ilitokea kwenye sadaka, ambayo asili yake ipo, na kwamba Bilal alithibitishwa na Mtume aliyekuwa hai. Majibu hayo yana nguvu. Hata hivyo yule anayegawanya haishiwi, kwani ana mkusanyo wa Qur'ani, ambao Zayd bin Thabit aliushangaa mwanzoni: vipi mtafanya jambo ambalo Mtume hakulifanya?

Hatua zake: litazame jambo jipya limeingia chini ya kanuni ipi ya sheria. Likiingia chini ya wajibu ni wajibu, likiingia chini ya haramu ni haramu, na kadhalika. Kisha angalia viungo vyake kimoja kimoja, na matokeo yake.

Hapo kwenye viungo ndipo watu hukosea. "Bidaa nzuri" imegeuka muhuri wa kugongea chochote, na waliouanzisha mgawanyo hawakuwa hivyo. Swala ya Raghaibu, rakaa kumi na mbili za usiku wa Ijumaa ya kwanza ya Rajabu, kwa kipimo cha juujuu ni swala na swala ni kheri. Al-Izz mwenyewe aliipinga hadharani Damascus, na Nawawi akaiita bidaa mbaya, pamoja na ile ya rakaa mia ya nusu ya Shaabani. Mtu akikwambia jambo ni zuri kwa kuwa ni Qur'ani na dua tu, muulize angeipitishaje Raghaibu.

Inamfaa anayefuata madhehebu kwa mpangilio, hasa Mshafi aliyelelewa kwenye mila za Lamu na Msikiti wa Riyadha alioujenga Habib Saleh, na mwenye sheikh wa kumrudia anapotatizika. Asiye na mwalimu ataitumia kuhalalisha mazoea. (Usidhani pia kwamba madhehebu yanamaliza kazi: miongoni mwa Mahanafi wenye asili ya Bara Hindi, Wabarelvi husherehekea maulidi na Wadeobandi huyakataa, na wote wanamfuata Abu Hanifa.)

Njia ya tatu: chekeche la Shatibi

Abu Ishaq al-Shatibi wa Granada (aliyefariki 1388) yuko karibu na njia ya kwanza kwa hukumu: haukubali mgawanyo wa tano. Tumemweka peke yake kwa sababu zana zake ni kali zaidi, na kwa maoni yetu ndizo zinazosaidia kuliko zote unapokuwa na jambo mahususi mkononi.

Kwake bidaa ni njia iliyobuniwa katika dini, inayofanana na ya sheria, ambayo mtu huishika kwa kukusudia kuzidisha ibada. Anaigawa mara mbili. Ya asili haina mizizi kabisa, kama kujiwekea nadhiri ya kusimama juani. Ya kuambatishwa ina asili sahihi, lakini imepewa siku, idadi, umbo au mkusanyiko ambao sheria haikuupanga. Mabishano yetu karibu yote ni ya aina hii ya pili. Mkusanyo wa Qur'ani haumo, kwa kuwa anauweka chini ya maslahi: ni chombo cha kuhifadhi jambo la lazima, katika eneo ambalo akili inaielewa sababu yake.

Kwa hatua: tenganisha asili ya jambo na sifa iliyoongezwa. Uliza sifa hiyo ni ya utaratibu au ya ibada. Kisha tazama mtu wa kawaida ataielewaje akiiona ikirudiwa miaka kumi. Kuna swali rahisi la kupimia hilo: tukihamisha tarehe, kuna atakayeona thawabu zimepungua? Darsa ya Jumamosi imewekwa Jumamosi kwa sababu watu hawaendi kazini. Ihamishie Jumapili na hakuna atakayelalamika. Arobaini ihamishie siku ya hamsini na mbili uone.

Khofu hii ya kuelewa vibaya ina mizizi Madina. Malik aliichukia saumu ya siku sita za Mfungo Mosi (Shawwal), asije asiyejua akaziambatisha na Ramadhani. Na hapohapo ndipo pa kukwama kwa njia hii: siku hizo sita zina hadithi sahihi kwa Muslim, na maimamu wengi wanazipendekeza. Kuziba njia kupita kiasi kunaweza kuzima hata sunna. Isitoshe, kupima nia na fahamu za umma ni kazi ya mwanachuoni anayewajua watu wake.

Inafaa kamati za misikiti, walimu wa madrasa, na familia zenye watu wa pande zote mbili.

Maulidi kwenye mizani tatu

Njia ya kwanza inakataa: siku ilikuwepo, mapenzi ya masahaba yalikuwepo, na hawakuyafanya. Pamoja na hayo, Ibn Taymiyya mwenyewe aliandika kwamba baadhi ya wanaoyafanya huenda wakapata ujira mkubwa kwa nia yao njema na kumtukuza kwao Mtume, huku tendo likibaki bidaa. Sentensi hiyo husomwa nusu na kambi zote mbili.

Njia ya pili inakubali kwa masharti. Suyuti anayaeleza maulidi anayoyaona mema kuwa watu kukusanyika, kusoma Qur'ani na habari za Mtume, kuandaliwa chakula wakala, kisha wakaondoka bila kuzidisha. Ibn Hajar al-Asqalani aliyatafutia asili katika saumu ya Ashura, siku ya kushukuru kuokolewa Musa. Kwa kipimo hicho hicho, visa visivyo na asili, kukesha hadi Alfajiri ikapita, au kumdharau asiyesimama panapofika habari ya kuzaliwa vinayaharibu.

Shatibi, katika fatwa zake, aliyakataa maulidi kama yalivyozoeleka na akazuia kuusia mali kwa ajili yake. Lakini chekeche lake linaacha kitu: darsa ya sira ikifanywa Mfungo Sita kwa kuwa ndipo watu wana hamu, na Mfungo Saba ikaendelea, haina sifa ya ibada iliyobuniwa.

Matanga na hitima

Hapa kambi zinavukana kwa namna ambayo wengi hawaijui. Ibn Taymiyya, kinara wa njia ya kwanza, anasema thawabu za kisomo cha Qur'ani humfikia maiti. Kauli mashuhuri ya Imamu Shafi ni kwamba hazifiki, na Mashafi wa baadaye walioruhusu waliunga kisomo na dua: "Ewe Mola, fikisha." Kuhusu chakula, Nawawi, mtetezi wa mgawanyo, anaandika kwamba familia ya maiti kupika na kukusanya watu ni bidaa isiyopendekezwa. Jarir bin Abdullah alisema masahaba walihesabu kukusanyika kwa wafiwa na kupikwa chakula baada ya maziko kuwa sehemu ya kuomboleza. Sunna ni kinyume: Mtume aliagiza familia ya Jaafar ipikiwe.

Kwa hiyo hema, viti vya kukodi na sufuria za pilau za siku ya tatu, ya saba na ya arobaini, kwa gharama ya mjane, hazina mtetezi madhubuti katika njia yoyote. Kinachobishaniwa ni kisomo chenyewe. Hatari kubwa iko kwenye pesa. Mali ya marehemu inatoka kwa mpangilio: gharama za maziko, madeni, wasia usiozidi theluthi, kisha mirathi. Chakula cha hitima hakimo katika hayo. Akiwemo mrithi mtoto, kuchota fungu lake kulisha wageni ni kula mali ya yatima, na ridhaa ya ami au kaka haimhalalishii mtu. Mirathi ikifika mbele ya kadhi, matumizi hayo ndiyo huzua ugomvi wa kwanza.

Dua ya pamoja baada ya swala tuipite haraka: Shatibi mwenyewe alisakamwa Granada kwa kuiacha. Jambo hili halijaanza Nairobi.

Kwa hali yako

Umelelewa Kishafi pwani, umehamia South C, na msikiti wa karibu hausomi kunuti wala hauna maulidi: baki na madhehebu yako, swali nao, na usome uradi wako kimya. Huhitaji kuwashawishi.

Umesilimu mwaka huu: shika njia ya kwanza katika ibada zako mwenyewe. Jifunze udhu, swala, saumu na zaka kwa dalili zake. Ukialikwa maulidi na jirani na una shaka, kataa kwa adabu. Au nenda umsalimie siku nyingine. Usianze kuwafundisha wazee wa Majengo bidaa kabla hujaijua sijda ya kusahau.

Umeoa au umeolewa katika familia ya upande mwingine: mpatane mapema kuhusu mambo matatu tu, yaani chakula cha matanga, maulidi nyumbani, na watoto watasoma madrasa ipi. Hayo ndiyo hugongana kweli. Mengine yatajitatua.

Uko kwenye kamati ya msikiti wenye waumini mchanganyiko: tumia chekeche. Tangazeni darsa bila kuifungia tarehe yenye fadhila ya kubuni, msiwalazimishe maamuma kubaki kwa dua ya pamoja, wala msimzuie anayetaka kukaa na kuomba peke yake.

Umefiwa, ndugu wa kulia kwako wanataka hitima na wa kushoto wanasema ni upotevu: waombeni majirani walete chakula siku tatu za mwanzo. Lipeni madeni ya marehemu kabla ya jambo lolote, na kama alikuwa na hija ya faradhi aliyoiweza asiitekeleze, ipangieni mtu aliyekwisha kujihijia. Toeni sadaka kwa jina lake, kwani kufika kwa sadaka na dua kumekubaliwa na pande zote. Anayetaka kumsomea asome nyumbani kwake au na wenzake kwa pesa zake, siku yoyote, na asiyetaka aombe dua. Gharama zote ziandikwe kando na daftari la mirathi tangu jioni ya kurudi makaburini.